Nimeacha sigara nikahamia vepu, mbona mnara bado hausomi vizuri?

Fundi Kimya

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnisikilize bila kunicheka, au kama lazima mcheke, chekeni kwanza halafu mnijibu.

Nina miaka 41, nimeoa, kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Sigara nilianza tangu ujana, nikafika mahali pakiti moja haitoshi siku. Mwaka juzi kifua kikaanza kunisumbua, nikikohoa asubuhi natoa makohozi ya rangi ya chai, mke akaja juu, nikahamia kwenye hizi sigara za kielektroniki, vepu. Kwa upande wa kifua sina malalamiko. Napanda ngazi na mtungi wa gesi begani bila kuhema, kikohozi kimekata, nguo hazinuki. Ndiyo maana nikajihesabu kuwa mtu aliyeacha.

Tatizo liko chini. Hamu ninayo, tena nyingi. Mke akitoka kuoga akili yangu inaitika palepale, ila mwili unachelewa kufika. Ukifika, unafika nusu. Tukibadili mkao, au simu ikilia tu, kwisha habari, tunaanza upya. Bao la kwanza nalifunga kwa haraka haraka kwa sababu naogopa dakika za mbele, na la pili sijaliona muda mrefu. Zamani nikiamka asubuhi ilibidi nisubiri kidogo kabla ya kutoka chumbani maana watoto wapo sebuleni. Siku hizi natoka moja kwa moja, sina cha kusubiri.

Jambo jingine. Sigara ilikuwa na mwisho wake, ukifika kwenye kichungi umemaliza, unazima, unarudi kazini. Hii vepu haina mwisho. Iko mfukoni, iko juu ya stuli ya kitanda, naivuta nikitazama mpira, naivuta chooni. Na nikihisi wasiwasi kabla ya tendo, naipiga pafu mbili tatu nitulie.

Sasa maswali yangu. Moshi nimeacha, je, hiyo nikotini peke yake bila moshi inaweza kumlegeza mwanaume? Rafiki yangu mmoja ananiambia homoni zimeshuka, nikachome sindano za testosteroni. Mwingine amenitumia picha ya vidonge vya bluu na ya unga fulani wa mizizi. Nianzie wapi? Presha na sukari sijawahi kupima, nasema kabisa ili msiniulize.

Kifua Mbele

Mkuu, hapo hakuna ugonjwa, ni mawazo na uchovu. Umesema mwenyewe una wasiwasi kabla ya mechi. Mchezaji akiingia uwanjani anatetemeka atafunga? Mimi nina miaka 29, fegi navuta, shisha navuta wikiendi, na jogoo anapanda mtungi bila kusukumwa. Babu yangu alivuta kiko mpaka uzeeni na mtoto wake wa mwisho ni mdogo kuliko mimi. Kula vizuri, lala, punguza madeni. Hayo mambo ya nikotini ni ya kutishana.

Dirisha la Dawa

Kaka Fundi Kimya, karibu. Mimi ni mfamasia, mwanamke, na sehemu kubwa ya siku yangu naipitisha nyuma ya dirisha la kutolea dawa. Mwanaume mwenye shida yako namjua kabla hajafungua mdomo. Anawapisha watu wote kwenye foleni. Anasoma maandishi ya kopo la poda ya watoto kama anayejiandaa na mtihani. Dirisha likibaki tupu ndipo anasogea, anageuza simu yake kunionyesha picha ya kidonge, na kusema ni ya rafiki yake. Siku hizi akiinama kuniambia jina la dawa, mara nyingi nasikia pumzi yenye harufu ya embe au mnanaa, na kwenye mfuko wa shati pamechungulia kile kijiti. Kwa hiyo swali lako silioni geni hata kidogo.

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Nikotini yenyewe, bila moshi wowote, inatosha kuharibu usimamaji, na si nadharia ya kukisia.

Ni hivi. Watu wanafikiri uume unasimama kwa misuli kukaza. Ni kinyume chake. Ndani yake kuna vyumba viwili virefu vya nyama yenye vitundu vingi, na kuta za vile vitundu pamoja na ateri zinazovilisha zina misuli laini. Muda wote ukiwa kazini, ukiwa kwenye gari, ukiwa unabishana na mtu, misuli hiyo imekaza na damu inapita kidogo tu. Ukipata msisimko, mishipa ya fahamu na utando wa ndani wa mishipa ya damu hutoa gesi inayoitwa nitriki oksaidi. Gesi hiyo ndiyo inayoilegeza misuli ile. Ikilegea, damu inaingia kwa wingi, vyumba vinajaa, na vikijaa vinazibana vena zinazotoa damu dhidi ya ganda gumu la nje. Damu imeingia, haitoki, mambo yamesimama. Wanasayansi watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo kwenye mishipa ya damu, na mwaka huohuo sildenafili, yaani hicho kidonge cha bluu, ikaidhinishwa Marekani.

Sasa mwite nikotini aingie. Nikotini inaamsha mfumo wa mwili wa kupambana au kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, ncha za mishipa ya fahamu zinamwaga noradrenalini, moyo unaenda mbio, ateri zinabana. Na noradrenalini ndiyo hasa inayoufanya uume ulale, hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku pale chini. Kwa hiyo pafu mbili tatu unazopiga ili utulie kabla ya tendo zinatuliza kichwa, kwa sababu kichwa kilikuwa na arosto, halafu zinapeleka amri ya kulala kwenye kiungo ambacho dakika hiyo unakibembeleza kiamke. Hilo ungeliacha leo jioni, mengine yote tukaendelea kuyajadili.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, Harte na Meston, walifanya jaribio ambalo nalipenda kwa sababu ni safi. Walichukua vijana 28 wenye afya, wasiovuta sigara. Siku moja kijana anapewa chingamu ya nikotini ya miligramu 6, siku nyingine chingamu isiyo na kitu, hajui ipi ni ipi, kisha anatazama filamu ya mapenzi huku kifaa kikipima uume unavyotanuka. Siku ya nikotini mwitikio wa uume ulishuka kwa asilimia 23. Hapakuwa na moshi, lami, wala umri mkubwa wa kusingizia. Na walipoulizwa walivyojisikia, hamu yao haikuwa imepungua. Soma tena maelezo yako hapo juu, kaka: akili inaitika palepale, mwili unachelewa.

Hiyo ni dozi moja kwa mtu asiyetumia. Ukitumia miaka mingi linaongezeka jingine, kule kuchakaa kwa utando wa ndani wa mishipa, ambao ndio kiwanda cha ile gesi. Hapo hata usipovuta siku hiyo, kiwanda kinatoa kidogo. Moshi wa sigara unachakaza zaidi kwa sababu una kaboni monoksaidi na maelfu ya kemikali nyingine, hivyo kuhama kwako kumekupunguzia mzigo na sikukatishi tamaa, kifua chako ni ushahidi. Lakini umehamia kwenye kitu ambacho kimebakiza ileile iliyokuwa inakubana mishipa, na kwa maelezo yako unaitumia kuanzia kuamka mpaka kulala. Kuna uchambuzi wa Marekani uliotoka mwishoni mwa mwaka 2021, wa takwimu za wanaume zaidi ya 13,000: waliokuwa wakitumia vepu kila siku walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuripoti tatizo hili kuliko ambao hawajawahi kuigusa, hata walipoondolewa wenye magonjwa ya moyo. Wanaume walijieleza wenyewe kwenye dodoso, na dodoso halithibitishi kipi kimesababisha kipi. Ila ukiliweka karibu na jaribio la chingamu, mimi sihitaji kushawishiwa zaidi.

Kaka Kifua Mbele, wasiwasi upo kweli na unaweza kulaza mtu, sikatai. Ukitaka kutenganisha wasiwasi na mishipa, angalia usingizini. Mwanaume mzima husimamisha mara kadhaa kila usiku akiwa kwenye usingizi wa ndoto, na hapo hana madeni wala hofu ya kumwangusha mtu. (Zamani watafiti walimzungushia mtu ukanda wa stempu za posta akalala nao, asubuhi wakaangalia kama umekatika. Sitanii.) Mwenye tatizo la mawazo tupu kwa kawaida asubuhi yuko sawa. Fundi Kimya amesema asubuhi zimepotea. Na wewe una miaka 29. Ule utafiti mkubwa wa Massachusetts uliowafuatilia wanaume waliokuwa na miaka 40 hadi 70 ulikuta kwamba kati ya ambao mwanzoni hawakuwa na tatizo, waliokuwa wakivuta asilimia 24 walilipata kwa kiwango cha kati au kamili, wasiovuta asilimia 14. Babu yako yupo kwenye hesabu hiyo, upande wa walionusurika.

Testosteroni: usiguse hiyo sindano. Wavutaji wengi wakipimwa homoni hiyo haijashuka, tafiti kadhaa zimeikuta hata juu kidogo. Na mtu ambaye testosteroni yake imeshuka kweli, kitu cha kwanza kumwondoka huwa ni hamu. Wewe hamu unayo. Zaidi ya hapo, sindano ya testosteroni huzima kiwanda cha mbegu, kwa hiyo kama bado mnataka mtoto utakuwa umejifungia mlango mwenyewe. Kipimo kipo, ni cha damu, kinachukuliwa asubuhi. Daktari akiona haja atakiandika.

Ila lililonifanya niandike yote haya ni ile sentensi yako ya mwisho, kwamba presha na sukari hujawahi kupima. Ateri za uume zina kipenyo cha milimita 1 hadi 2. Za moyo ni milimita 3 hadi 4. Uchafu uleule ukianza kujenga kwenye mishipa ya mwili mzima, nyembamba ndiyo itakayolalamika kwanza. Kwa wanaume wengi wenye ugonjwa wa moyo, matatizo ya kusimama yalitangulia dalili za moyo kwa miaka 2 hadi 5. Wewe una miaka 41 na zaidi ya nusu ya umri huo umevuta. Nenda kapime presha, sukari na lehemu, yaani mafuta kwenye damu, kabla ya kununua kitu chochote. Usivute hiyo vepu nusu saa kabla ya kupima presha, maana itapandisha namba. Na daktari mwambie ukweli umeendea nini. Usimwambie "uchovu".

Mama Wawili

Naongea kama mke wa mtu. Kaka, umemwambia mkeo au sisi ndio wa kwanza kujua? Wangu alipoanza hivyo alikuwa anageukia ukutani na kusema kachoka. Mimi nikahesabu moja kwa moja kwamba kuna mwanamke mwingine. Nilipekua simu, nilinusa mashati, nilinyamaza wiki nzima ndani ya nyumba. Kumbe mwenzangu anaona aibu. Siku aliyosema, hasira yote iliisha, nikabaki namwonea huruma. Mwambie leo. Na ukimwambia, mwambie pia kwamba hamu ipo, maana sisi hilo ndilo tunaloliogopa.

Mstaafu wa Moshi

Nimesoma maelezo ya dada wa Dirisha, yamenyooka. Mimi naongeza yale ya njiani, maana huko nimepita.

Nilikuwa mvutaji mkubwa, nikaacha nikiwa na miaka 46, na tatizo lilikuwa hilohilo la mleta mada. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya na hakuna aliyeniandaa. Siku ya pili na ya tatu nilikuwa na hasira za kugombana hata na mlango. Usingizi ulikatika vipande. Na huko chini hapakutokea muujiza wowote, tena wiki hizo za arosto hata hamu ilipungua, nikaanza kusema si afadhali nilivyokuwa. Wengi wanarudia hapohapo. Wanasema nimeacha na bado, basi bora nivute.

Kwangu mabadiliko yalianzia asubuhi. Sikuwa nimeyangoja. Niliamka, nikakuta mambo yamesimama, nikabaki nimelala naangalia dari. Baadaye ikawa mara moja moja, kisha mara nyingi zaidi. Kwenye tendo lenyewe ilichukua muda mrefu kuliko asubuhi, kwa sababu mwili ulikuwa umeshapona kiasi lakini mimi nilikuwa bado naujaribu jaribu, nausikiliza, na ukiusikiliza sana unakwama. Hapo Kifua Mbele ana hoja.

Sijarudi kuwa wa miaka 25. Bao la pili la usiku mmoja nimeliacha kwa vijana, hilo ni la umri na wala halinisumbui. Ila lile la kukimbizana, la kuogopa simu isilie, limekwisha.

Kitu kingine kilichonisaidia ni kutembea. Kila nikipata kiu ya sigara baada ya kula nilikuwa natoka natembea mpaka kiu ipite, na ile kiu kali haikai, ni dakika chache tu. Tumbo likapungua bila kulitafuta.

Baba Mtarajiwa

Naomba nidandie uzi. Mimi sivuti wala sipulizi, natumia vile vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo kwenye ufizi. Kusimama nasimama. Ila mimi na mke tunatafuta mtoto, mwaka umepita. Je, hivi navyo vinahusika, au ni sigara tu?

Dirisha la Dawa

Baba Mtarajiwa, ushahidi mwingi tulio nao kuhusu mbegu unatoka kwa wavuta sigara. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016 uliunganisha tafiti 20 zenye wanaume zaidi ya 5,800, ukakuta wavutaji wana mbegu chache, zinazoogelea kwa udhaifu, na zenye maumbo mabovu zaidi. Kwa vifuko ushahidi si mwingi hivyo, lakini nikotini inafika kwenye damu yako vizuri tu, na mwili hauulizi imepitia mdomo au mapafu. Mbegu hutengenezwa kwa siku zipatazo 74, ukiongeza safari yake mpaka itoke unapata kama miezi mitatu. Ukiacha leo, mbegu za kesho ni zilezile zilizopikwa kwenye nikotini. Ndiyo maana wataalamu wakisema uache huwa wanakupa miezi mitatu kabla ya kupima tena. Na mwaka mzima wa kujaribu bila mimba ndio muda rasmi wa kwenda kuonana na daktari, wote wawili, pamoja. Kipimo cha manii ni rahisi na kinafaa kuwa cha mwanzo, kabla mke hajaanza kuchokonolewa.

Fundi Kimya

Dada Dirisha, kaka Mstaafu, Mama Wawili, asanteni sana. Kwa mke nimesema. Alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akauliza kwa nini kile kijiti kinalala kitandani kwetu. Sasa kinalala kwenye gari.

Nimepima. Sukari wamesema sawa. Presha ilikuwa 152 kwa 96, nikaambiwa nirudi mara nyingine kabla hawajaamua kitu. Lehemu majibu bado. Chupa ya vepu nimeisoma kwa mara ya kwanza, imeandikwa miligramu 50 kwa mililita. Sijui ni nyingi au kidogo.

Nimebaki na maswali mawili. Kule kliniki wamenishauri vibandiko vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi ili niache. Sasa kama nikotini ndiyo adui, si ninaendelea kumlisha? Na vile vidonge vya bluu, je, naweza kuanza huku nikiacha, au nisubiri?

Dirisha la Dawa

Miligramu 50 kwa mililita ni nyingi, kaka. Ni kali kupita kiasi kinachoruhusiwa Ulaya, ambako sheria inakomea 20. Na kimiminika cha namna hiyo mara nyingi nikotini yake imewekwa katika hali ya chumvi ili isikwaruze koo, kwa hiyo unavuta nyingi bila koo kukuambia basi. Sishangai imekaa mpaka chooni.

Kuhusu kibandiko: unaendelea kulisha, ndiyo, lakini kwa mkono unaopungua. Ukivuta, nikotini inaruka juu kwenye damu ndani ya dakika chache, ikianza kushuka ubongo unadai nyingine, na kila mruko ni adrenalini mpya kwenye mishipa. Nusu yake hutoka damuni kwa kama saa mbili, ndiyo maana hupumziki. Kibandiko kinaipeleka taratibu kupitia ngozi, haipandi ghafla, arosto inabaki kidogo, na baada ya wiki kadhaa unashuka kwenye kibandiko chenye kiwango cha chini, kisha cha chini zaidi, kisha hakuna. Mtu ananiuliza kila mara kama anaweza kuharakisha kufika mwisho. Mimi namwambia asikate njiani ili awahi, maana anayekata njiani namwona tena dirishani akiwa na pumzi ya embe. Haohao Harte na Meston walifuatilia wanaume 65 waliokuwa wavutaji wa muda mrefu, wakiacha kwa msaada wa vibandiko. Walipopimwa kwa kifaa wiki kadhaa baada ya vibandiko kwisha, waliofaulu kuacha uume wao uliitika vizuri zaidi na haraka kuliko wa waliorudia sigara. Kikikusumbua usiku kwa ndoto za ajabu, kitoe kabla ya kulala, ubandike kingine asubuhi mahali tofauti pa ngozi. Dawa za kumeza za kusaidia kuacha zipo pia, vareniklini na bupropioni, ila hizo ni za kuandikiwa, na bupropioni haimfai mwenye historia ya kifafa.

Vidonge vya bluu. Sildenafili inafanya kazi kwa kuzuia ile kemikali inayotengenezwa na nitriki oksaidi isivunjwe haraka. Maana yake haileti kitu kipya, inalinda kidogo ulichonacho. Ndiyo maana mvutaji mkubwa huja kwangu akilalamika kwamba ameuziwa dawa feki, kumbe dawa ni sawa, mishipa yake haina cha kulindwa. Ukipunguza nikotini hata hicho kidonge kitakusaidia vizuri zaidi. Hakuna ubaya kukitumia katika kipindi hiki cha kuacha kama daktari ameridhika na moyo wako, tena kinaweza kukurudishia kujiamini. Lakini subiri hiyo presha irudiwe kwanza. Na kama utaandikiwa dawa za presha, uliza ni zipi, kwa sababu baadhi, hasa zile za kukojoza na baadhi ya zinazopunguza mapigo ya moyo, zinaweza kuchangia ulegevu, na zipo nyingine zisizo na tabia hiyo. Usiziache kimyakimya. Rudi ubadilishiwe.

Jambo moja sitaki lipite katikati ya maneno mengi. Sildenafili haichanganywi kamwe na dawa za naitreti, zile za maumivu ya kifua za kuweka chini ya ulimi au za kumeza. Presha inaweza kuanguka mpaka mtu akafa. Ndiyo sababu nakukataza ule unga wa mizizi ambao hujui ndani una nini. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, imekuwa ikitangaza mara kwa mara bidhaa zinazouzwa kama za asili tupu ambazo maabara imekuta sildenafili imechanganywa ndani bila kuandikwa, hakuna ajuaye kiasi gani. Mtu anausifia unga, anachosifia ni kidonge kilichosagwa.

Kifua Mbele

Dada Dirisha, umenitia wasiwasi sasa. Shisha wikiendi tu nayo inahesabika? Ile si inapita kwenye maji?

Dirisha la Dawa

Inahesabika, mdogo wangu. Maji yanaupoza moshi, hayaondoi nikotini yote, na yale makaa yanayowashwa juu yanakupa kaboni monoksaidi kwa saa nzima ya mazungumzo. Wikiendi mbili usiiguse, hizo fegi nazo ukae nazo mbali usiku, halafu urudi utuambie habari za asubuhi.

Fundi Kimya, hiyo picha ya vidonge aliyokutumia rafiki yako, usinitumie rangi. Geuza karatasi, upige picha upande wa nyuma wenye jina la dawa, miligramu, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Kama hakuna hata kimoja, hatuna cha kujadili.